Katapila Lisilokata Kulia

Yako maradhi ambayo hayamshiki mtu mpaka siku apokeapo kiinua mgongo, nayo ni maradhi ya kupenda vyuma. Nilifundisha hesabu kwa miaka 34 bila ya kutamani kumiliki chombo kizito kuliko baiskeli. Lakini haukupita mwezi tangu nilipoweka chini chaki yangu ya mwisho, nikajikuta nasimama mbele ya kila gereji ya mjini Tanga, mikono nyuma, nikitikisa kichwa kwa mitambo nisiyoijua jina wala kazi, mithili ya tabibu aliyeitwa kutoa shauri la mwisho. Mke wangu, ambaye ana desturi ya kusema jambo mara moja tu, alinitazama siku zile asiseme kitu. Na kimya chake, kwa mtu aliyeishi naye kama nilivyoishi mimi, ni hotuba ndefu.

Sababu ya dhahiri, maana ya siri nimekwisha kuitaja, ilikuwa shamba la marehemu baba yangu upande wa Muheza: ekari 12 kwa mujibu wa hati, na ekari 2 kwa mujibu wa macho, kwa kuwa zile 10 zilizosalia zilikuwa zimemezwa na vichaka, visiki na michongoma, hata nguruwe mwitu wakawa wanapita humo kwa utulivu wa wenye mji. Vibarua walinitajia ujira wa kung'oa visiki ambao, nilipoupigia hesabu, ulitosha kumsomesha mtoto mpaka chuo kikuu. Nikiwa katika mashaka hayo, dalali mmoja, mtu wa sauti laini na viatu vyenye ncha, alinisogelea msikitini baada ya sala ya alasiri, akainama kana kwamba ananipa habari za msiba, akaninong'oneza: "Mwalimu, liko katapila."

Msomaji ambaye hajapata kupenda chuma hawezi kujua jinsi neno hilo linavyoingia moyoni. Trekta la magurudumu ni chombo cha kila mtu. Likiona tope hukwama, likiona kisiki huomba radhi. Katapila linatembea juu ya cheni zake lenyewe, likijitandikia njia mbele na kuikunja nyuma, kama bwana harusi anayetandikiwa mkeka usiokwisha. Habari zake hutajwa sana California, Marekani, ambako mwaka 1904 Benjamin Holt alilivua trekta la mvuke magurudumu ya nyuma, akalivika cheni, kwa sababu udongo wa mabonde ya kwao ulikuwa laini hata ukakimeza kila kizito kilichoukanyaga. Waliolitazama likijivuta wakalifananisha na kiwavi, na neno lao la kiwavi ndilo lililotufikia sisi likiwa katapila, ijapokuwa wengi wetu twaliita tingatinga, neno ambalo ukilitamka tu kinywa hutikisika. Usiku ule nililala nalo kichwani mpaka alfajiri.

Nilikuwa na rafiki fundi, mzee aliyetumia nusu ya umri wake akiwa amelala chini ya mitambo ya watu, naye ndiye niliyemtegemea kunisindikiza. Lakini kabla ya siku tuliyoagana alifiwa Lushoto, asiweze kuja. Kwa hisani yake aliniketisha juu ya tairi bovu, nikafungua daftari la miraba, akanisomea imla kama baba anayemwachia mwanawe wosia. "Tazama miguu kwanza," alisema. "Mnunuzi mjinga hukimbilia injini, kwa sababu injini inasema, na mwenye kusema husikilizwa. Miguu haisemi. Lakini katika katapila nusu ya fedha iko chini: cheni, pini, bushi, rola, sproketi. Injini mbovu utaitengeneza kwa subira. Miguu iliyokwisha hutaipata kwa subira." Kisha akanieleza habari za maji ndani ya oili, za ekzosi isiyofunikwa, za klachi za kukatia, na za nambari iliyopigwa juu ya kibati, nami nikayaandika yote, kila jambo na kichwa chake kilichopigiwa mstari kwa rula, nikaondoka pale na kurasa 4 za maarifa, ilhali mikono yangu haijapata kushika spana.

Tulitoka, mimi na dalali, siku ya Ijumaa. Kwa nia ya kuiwahi sala Korogwe wakati wa kurudi, nilivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na mengine sitayahesabu.

Mtambo wenyewe ulikuwa katika shamba kongwe la mkonge lililokwisha kuachwa. Mmea huo uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893, ukageuka dhahabu ya nchi yetu, ukajenga Tanga na kuwavuta manamba kutoka kila pembe ya bara. Kisha zikaja kamba za nailoni, na dhahabu ikarudi kuwa majani. Katika shamba lile mkonge uliosalia ulikuwa unaota upendavyo, umesimamisha mabua yake marefu kama milingoti ya majahazi yaliyokwama, na reli nyembamba za vitoroli zilikuwa zimebaki vipande vipande ndani ya nyasi, kila penye kipande ambacho wanunuzi wa skrepa hawajakiona.

Njiani dalali alinisimulia nasaba. "Hili, mwalimu, si trekta la dukani. Hili lilipigana na Wajapani kule Ufilipino. Vita vilipokwisha likaletwa Kongwa kwa karanga za Waingereza, na Waingereza walipokimbia likauzwa huku." Ilikuwa hadithi iliyotengenezwa kwa ustadi, kwa kuwa sehemu yake kubwa ilitokea kweli, ila haikulitokea katapila lile. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na dhiki ya mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianza kazi ya kupanda karanga katika Tanganyika, kwa nia ya kulima mamilioni ya ekari, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya yalikuwa adimu ulimwenguni. Ikabidi yanunuliwe makuukuu yaliyoachwa na majeshi ya Marekani huko Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikavuliwa mizinga katika karakana za Vickers, vikaambiwa kwamba tangu leo ninyi ni wakulima. Mitambo mingi ilifika taabani, ikakutana na mibuyu yenye nyuki matumboni na udongo ambao kiangazi huukausha ukawa mfano wa saruji. Mwaka wa kwanza walikusudia ekari 150,000, na zilizopandwa hazikufika 10,000. Januari 1951 mradi ukavunjwa, ukiwa umeteketeza takriban pauni milioni 36. Nilipoyakumbuka hayo ndani ya basi nilipata faraja kubwa, mimi niliyebeba arbuni ya mwalimu mstaafu ndani ya soksi, kuona kwamba watu wenye dola nzima nyuma yao walinunua makatapila mabovu bila ya kuyatazama miguu.

Mlinzi tulimkuta kivulini, mzee mwembamba mwenye ndevu chache nyeupe, akisonga ugali katika sufuria nyeusi isiyo na mkono. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee wangu," naye akaniitikia, "Marahaba, mwalimu," maana dalali alikwisha kutuma habari zangu. Kisha akanipandisha na kunishusha kwa macho, kutoka kofia ya vito mpaka makubazi, akauliza kwa upole mkubwa kama nimekuja kulinunua au kulioa. Dalali akacheka kuliko mzaha ulivyostahili. Mzee akaendelea, na sasa uso wake haukuwa na mzaha: "Fungua utakacho, gonga utakacho. Ila kisanduku kile cha chini ya kiti usikiguse."

"Ni vyombo vya spana tu," alidakia dalali.

"Si vyombo," alisema mzee, akarudi kwenye ugali wake.

Basi toka dakika ile akili yangu iligawanyika mafungu mawili: moja likafuata daftari, na la pili likabaki limeketi juu ya kisanduku, likijiuliza ni aibu gani ya chuma iliyofichwa mle.

Lilikuwa limesimama ubavuni mwa mbuyu, limezama kidogo upande mmoja, rangi yake ya manjano imebaki katika pembe chache ambazo jua halifiki, na sehemu iliyosalia ina ile kutu nyekundu ya kahawia ambayo kwa mbali huonekana kama velveti. Nilianza na miguu. Nilichuchumaa penye sproketi, lile gurudumu kubwa la meno linalovuta cheni kwa nyuma, nikayatazama meno yake. Fundi alinifundisha kwamba jino zima lina ncha butu na mabega mapana. Haya yalikuwa yameliwa yakawa membamba, yamepinda upande mmoja, yamesimama safu kama mapezi ya papa wanaokizunguka chombo. Nikatoa tepu ya cherehani ya mke wangu, ambayo niliichukua bila ya kumwomba ruhusa kwa kuwa sikuona sababu ya kumshughulisha, nikapima kutoka pini hadi pini, viungo 4 kwa pamoja kama nilivyoambiwa. Nikapima mara 3, maana mimi ni mtu wa hesabu, na mara zote 3 cheni ilikizidi kipimo cha cheni mpya kwa kiasi ambacho hata dalali, aliyekuwa anachungulia begani, alitoa sauti ndogo ya masikitiko kabla hajakumbuka yuko upande gani. Viungo viwili vilikuwa vimegandamana kwa kutu, vimekunjika kama goti la mzee lililokataa kunyooka, na rola moja ya chini haikuwapo kabisa. Mahali pake palikuwa na konokono.

Nikaandika: miguu imekwisha. Kusema kweli hapo ndipo ningepaswa kufunga daftari, kumshukuru mzee kwa kivuli na kurudi mjini. Lakini mtu aliyeandika kurasa 4 hawezi kutosheka na moja.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa maji. Oili huelea juu ya maji, kwa hiyo katika mtambo uliolala miaka mingi maji yaliyoingia kwa siri hukaa chini kabisa, na mwenye busara huilegeza nati ya kumwagia oili kidogo tu, auone ukweli unaotoka kwanza. Kanuni hii ni rahisi kuielewa ukiwa umeketi juu ya tairi. Chini ya katapila mambo ni mengine: nafasi ni ya mbwa mwembamba, nati haijafunguliwa tangu alipokuwako aliyeifunga, na spana ukiivuta kwa nguvu zote nati husema hapana mara kumi, kisha ghafla husema ndiyo. Iliposema ndiyo, uso wangu ulikuwa chini yake. Naweza kutoa ushahidi mbele ya kadhi yeyote kwamba injini ile haikuwa na tone la maji, kwa kuwa kilichonitiririkia kidevuni na kifuani mwa kanzu kilikuwa oili tupu, nyeusi, nzito, yenye afya njema.

Niliibuka nikiwa na umbo la bara la Afrika kifuani, nikakimbilia ukurasa wa tatu ili niiokoe heshima yangu, maana huko nilikwisha kuona ushindi toka mbali: ekzosi, lile bomba linalosimama wima juu ya injini, lilikuwa wazi kinywa juu. Mvua ya masika moja huingia humo ikateremka mpaka ndani ya silinda, pistoni zikashikana na kuta zake kwa kutu, na mtambo wa tani karibu 5 ukawa jiwe la kufungia jahazi. Nikamgeukia dalali nikampa hotuba. Nilimweleza njia ya maji hatua kwa hatua, nikamwuliza ni masika ngapi zimepita juu ya bomba lile, nikampunguzia bei kwa kila masika, na dalali akawa amenywea kabisa, hata mzee mlinzi aliponyanyua ile sufuria yake, akaipangusa mabaki ya ugali, akaja taratibu, akapanda juu ya cheni, akaifudikiza juu ya ekzosi. Ilikaa kama kofia iliyoshonwa kwa kichwa chake.

"Masika hukaa hapa," alisema. "Kiangazi napikia. Leo bwana huyu amenituma niivue, akasema inauondolea mtambo jamala."

Nililowa jasho. Dalali alitazama ncha za viatu vyake.

Nilijipoza kwa nambari. Nyuma ya mtambo kilikuwako kibati, na nilipokisugua kwa mate na pindo la kanzu, ambalo sasa halikuwa na cha kupoteza, zilitokea herufi na tarakimu: lilikuwa Caterpillar D4, na nambari yake ilianzia 7U. Moyo wangu ulipiga kama wa mwanafunzi aliyepata swali alilolisoma jana, kwa sababu ukurasa wa nne wa daftari ulisema kwamba mfululizo wa 7U ulianza kutengenezwa mwaka 1947, na vita vya Wajapani, kama kila mtu ajuavyo, vilikwisha 1945.

"Sheikh," nilimwambia dalali kwa taadhima ya kisu, "hili lilitoka tumboni kwa mama yake vita vimekwisha kitambo. Basi lilipigana vita gani?"

Hakupepesa jicho. "Vita vya karanga, mwalimu."

Mzee akakohoa kicheko. Ndipo akanieleza, bila ya kuulizwa, kwamba katapila lile halijapata kuiona Kongwa, wala Ufilipino, wala mahali popote isipokuwa shamba hili. Baba yake alikuja hapa kutoka Uha akiwa manamba, na yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi siku liliposhushwa, jipya, rangi yake ikiumiza macho, likitokea bandarini Tanga. Na alipokua akafundishwa kuliendesha, akaliendesha mpaka siku liliposimama. Nilibaki mdomo wazi. Kwa saa mbili nilikuwa nimekihoji chuma, ilhali dereva wake ameketi hatua kumi kutoka kwangu anasonga ugali, nami sikumwuliza hata neno moja zaidi ya shikamoo.

"Basi lina ugonjwa gani, mzee wangu?"

"Halikati kulia."

Nitaeleza, kwa faida ya wale ambao hawakuwa na fundi wa kuwasomea imla. Katapila halina usukani wa kuzungusha. Lina wenzo mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, na kila mmoja una klachi yake. Ukitaka kwenda kulia unauvuta wenzo wa kulia, cheni ya upande huo inaachiwa, unaikanyagia breki, na cheni ya kushoto inauzungusha mtambo. Sasa klachi ya kulia ya mtambo huu ilishikana zamani, spea ikaagizwa isije, meneja akaondoka, akaja mwingine, naye akaondoka, na kazi haikungoja. "Tukawa tunakata kushoto tu," alisema mzee, akichora kwa kijiti mavumbini. "Ukitaka kulia, unazunguka kushoto robo tatu ya duara, unatokea ulikokuwa unakutaka. Shamba la upande ule lote nililifyeka hivyo. Ukipanda mlima ule utaona mistari, kama uzi wa kikapu." Na siku ya mwisho? Siku ya mwisho alikata kushoto akakutana na mbuyu, kurudi nyuma kuna korongo, kulia hakuendeki. Akazima, akashuka. Wakubwa walisema watakuja kulitazama. Yeye akapewa ulinzi wake.

Mtu mwenye akili timamu angeondoka hapo. Mimi nikataka kuisikia injini.

Katapila la aina ile haliamki kwa ufunguo. Ubavuni mwake limebeba injini ndogo ya petroli yenye silinda 2, ambayo kazi yake yote duniani ni kuiamsha ile kubwa ya dizeli: huizungusha polepole, maji yao ni mamoja, moto wa ile ndogo ukaipasha joto ile kubwa, mpaka hii inapokuwa tayari kupokea dizeli na kunguruma. Mzee aliiita mtoto. "Mtoto humwamsha mama," alisema, na kumbe kwa miaka yote hiyo, kila baada ya miezi michache, alikuwa akimfunua mtoto gunia, akimpa kifuniko cha petroli, akamwacha acheke kidogo, kisha akamfunika. Alileta petroli katika chupa ya soda. Akasugua ncha za magineto kwa kipande cha msasa. Akaizungusha kamba ya mkonge kwenye flaiwili, akataka kuvuta, nami nikamwambia kwamba haifai mzee wa umri wake avute na kijana nipo. Nilikuwa na miaka 60.

Mvuto wa kwanza haukutoa kitu. Wa pili ukatoa chafya. Katika wa tatu nilitia nguvu zote za miaka 34 ya kuwavumilia watoto wa watu, na kamba, ambayo nadhani ilisokotwa katika zama za ustawi wa shamba lile, ikakatika. Mnunuzi alikwenda nyuma hatua tano bila ya kugeuka, akaketi juu ya mkonge.

Majani ya mkonge yana miiba nchani. Sitaongeza neno.

Waliponing'oa, mzee alikwisha kutafuta kamba nyingine. Akavuta mara moja tu, taratibu, kwa mkono mmoja kama mtu anayefungua pazia, na mtoto akaitika. Akaitika kwa mlipuko mmoja ambao uliwatoa kunguru wote wa mbuyu, katapila zima likatetemeka toka miguu mpaka sufuria ya kichwani, na kutoka ndani ya kile kisanduku cha chini ya kiti, kifuniko kikaruka, likatoka bonge la manyoya na makelele likapita juu ya kofia ya dalali, likakanyaga bega langu, likapotea mkongeni.

Alikuwa kuku. Alikuwa anaatamia.

Mzee alizima mtoto. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko mtambo. Alipanda, akachungulia kisandukuni, akahesabu kwa kidole, akashuka. "Mayai kumi na moja," alisema. "Zilibaki siku nane." Kisha akaketi juu ya cheni, akaanza kunidai kwa sauti ya upole ile ile, na hapo ndipo mimi, mwalimu wa hesabu, nilipofundishwa hesabu. Hakudai mayai. Alidai vifaranga, akavigawanya kwa uadilifu majogoo na mitetea, majogoo akanisamehe, mitetea akaikuza, akaiatamisha, akatoa fungu la mwewe na fungu la kideri, akajumlisha waliosalia, na nilipotambua kwamba ananijengea mfululizo ule ule niliokuwa nikiwafundisha kidato cha nne, ambao nyongeza zake hazina mwisho, nilimkatiza kabla hajaufikia mwaka wa tatu.

Tulipatana. Dalali, ambaye mpaka hapo alikuwa amesimama kando kama mtu asiyetujua, alikuja katikati akasuluhisha kwa ufasaha mkubwa: nimnunue kuku mwenyewe, kwa bei yenye kuyajumuisha mayai na majuto, na mambo yaishe kiungwana. Kuku alikamatwa. Nikavua soksi, nikatoa arbuni ya katapila, nikailipa kwa mzee; na mzee alipokwisha kuhesabu, dalali akanyoosha kiganja chake kwa haya, akachukua udalali wake wa sehemu ya kumi.

Sala ya Ijumaa ilinipita njiani. Ndani ya basi abiria walinipisha kiti kwa sababu ya harufu, nami sikuweza kukikalia kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Nikasimama toka Korogwe mpaka Tanga, mkono mmoja juu ya bomba na mwingine umemkumbatia kuku, ambaye alilala usingizi.

Nilifika baada ya magharibi. Mke wangu alifungua mlango, akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu barabarani kwa subira, kama mtu anayengojea kitu kikubwa kimalizie kukata kona.

"Ndilo hili?" aliuliza.

Hakungoja jibu. Alimpokea yule kuku, akamgeuza kichwa chini miguu juu, akayapuliza manyoya ya tumbo, akambonyeza kidari, akamfunua jicho kwa dole gumba, na yote hayo aliyamaliza katika muda ambao mimi nilikuwa bado natafuta mahali safi pa kuifutia miwani. Kisha akaishika miguu yake, akaikwaruza magamba kwa ukucha, mguu mmoja, halafu wa pili, akaisogeza karibu na taa.

"Bwana," alisema, "huyu ulimtazama miguu?"